Bwawa Nyuma ya Kaburi

Aprili 2
Mvua ya kwanza ilipiga jana, ya kelele tu, haikujaza hata sufuria. Mwanangu Akinlabi amesema nianze kuandika habari za samaki: wamekula nini, maji yana rangi gani, nani kafa. Anasema wafugaji wa kweli huandika. Mimi niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu aliwahi kumwonyesha mkaguzi, kwa hiyo nitaandika. Na sitaandika samaki peke yao, maana samaki hawana habari nyingi.

Habari kubwa ni kwamba umeme unakwenda bwawani. Siku hizi nusu ya Ibadan ina bwawa la kambale uani, lakini nionyeshe la nani lina pampu inayozungusha maji na kuyachuja yenyewe, na taa juu yake. Mwanangu ni fundi umeme wa vyeti, si wa kuokoteza njiani. Huko Abeokuta anakofanya kazi wanamwita injinia. Mimi sikuwatuma.

Aprili 5
Tumegombana na Akinlabi, kisha tumeelewana, yaani amekubali.

Ukitoka mlango wa nyuma kwenda bwawani, katikati yupo baba yake. Tulimzika hapo Agosti iliyopita, palepale alipokuwa akitoa cherehani yake jioni apate upepo. Kaburi zuri, la marumaru nyeupe. Watu husimama kuliangalia.

Akinlabi akaja na jembe begani. "Mama, waya wa bwawani haulazwi juu juu. Nachimba mtaro wa kufika goti, naulaza ndani ya bomba, nafukia. Waya mzima, bila kiungo."

"Chimba, nani kakuzuia?"

"Njia iliyonyooka inapita ubavuni kwa Baba."

"Basi haijanyooka."

"Simgusi, Mama. Ni hatua moja kutoka kwenye marumaru."

"Jembe lilipita hapo mara moja, likatosha. Hutampigia baba yako jembe sikioni."

Akasema basi azunguke ukutani kwa jirani, lakini huko ni mbali, atahitaji waya mpya mrefu. Nikamtolea waya wa dukani kwa marehemu, uliokuwa ukipeleka umeme kwenye pasi na cherehani za mota. Waya huo umefanya kazi tangu yeye ananyonya na haujawahi kuungua. Nikamwonyesha na njia: bomba lilazwe juu ya msingi wa kaburi, liambae pembeni, lipigwe plasta, lipakwe rangi. Hakuna kuchimba, hakuna kumsumbua mtu.

Waya ukapungua kidogo, ikabidi auunge palepale kwenye plasta. Akashika ncha mbili, akaniangalia. "Kiungo ndani ya saruji, Mama? Na mvua hizi?"

"Kifunge vizuri. Si wewe ndiye injinia?"

Akacheka. Akicheka, meno ni ya baba yake. Akakizungushia utepe mweusi mpaka kikawa kinene kama kidole gumba. Lakini ndani ya nyumba kaweka swichi yake ya usalama, akanisimamisha mbele yake kama mtoto wa shule. "Umeme ukivuja hata kidogo, hii inajikata yenyewe. Ikijikata, usiirudishe. Nipigie simu."

Aprili 6
Pampu inazunguka! Nimemwita jirani yangu Alhaja Risikat aje aone.

"Mama Akin, taa ya nini? Samaki wako wanasoma?"

"Wanasoma. Wamemshinda kondoo wako."

"Kondoo wangu hahitaji taa. Anajijua alivyo mzuri."

Kweli ni mzuri, yule dume. Anamnenepesha kwa ajili ya sikukuu ya kuchinja. Kambale wangu ni wa Agosti, kumbukumbu ya mwaka ya mume wangu, Baba Akin. Nataka watu wale mpaka waone aibu.

Aprili 7
Akinlabi karudi Abeokuta. Tumebaki mimi, mkewe Wuraola na mtoto wao Ireti.

Aprili 19
Mvua. Swichi imejikata. Nimengoja jua litoke, nimeirudisha, imekaa.

Aprili 24
Mvua. Imejikata.

Aprili 25
Mvua. Imejikata tena. Wuraola kasimama mlangoni na kile kisauti chake cha kanisani: "Mama, Akin alisema tumpigie."

Huyu binti hana ubaya, ila ni mtu wa kuogopa na maneno yake ni machache. Mume kama yule, hata kumsifu mbele za watu hajui. Nikampigia Akinlabi mwenyewe, nikamwambia kila kitu kiko sawa. Alikuwa kazini, nasikia sauti za wenzake. Wamsikie mama yake akilalamika kwamba kazi aliyoifanya kwao ni mbovu?

Mei 3
Kambale wamesimama wima, midomo juu, kama watu waliobanwa kwenye lifti. Wakisimama hivyo maji yamechacha. Pampu haijafanya kazi siku mbili kwa sababu swichi inaogopa mvua kuliko Wuraola.

Nimemwita Mudashiru wa kona, yule anayefunga waya kama anafunga kuni. Kaichungulia swichi, kaichomoa, kaunganisha moja kwa moja.

"Na mwanao akiuliza, Mama Akin?"

"Ataniuliza mimi."

Jioni samaki wamelala chini kama kawaida. Haijikati tena.

Mei 11
Sijui niandike vipi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Umeme wa mtaa haukuwapo tangu asubuhi. Nilikwenda kufuta majani juu ya kaburi, miguu mitupu, nimeinama, kiganja changu juu ya marumaru. Nikasikia watoto barabarani wanapiga kelele umeme umerudi. Na papo hapo kitu kikanigonga kiganjani.

Baba Akin alikuwa na subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni ambacho mafundi cherehani husukumia sindano. Nikizidisha maneno mbele ya wateja, alikuwa akinigonga nacho mkononi, polepole, mtu mwingine asione. Miaka yote ya ndoa alinigonga hivyo. Ndivyo nilivyogongwa leo.

Nilisema, "Ni wewe?" Nikaweka mkono tena. Akanigonga tena.

Nilikaa pale mpaka kanga ikaloa. Sikulia. Nilimweleza habari za samaki.

Mei 12
Jua kali. Nimeweka mkono. Kimya.

Mei 14
Mvua. Yupo.

Mei 18
Sasa namjua. Anakuja na mvua, kwa sababu alitutoka wakati wa mvua. Na anakuja umeme ukiwapo. Mtaa ukiingia giza, naye anaondoka. Hilo halikunishangaza. Fundi cherehani bila taa afanye nini?

Sijamwambia mtu. Najiona kama msichana mwenye barua kifuani.

Mei 22
Nimemwambia mtu. Nimemwambia Ireti. Mtoto wa miaka mitano ana haki ya kumjua babu yake. Nilimpandisha juu ya kaburi baada ya manyunyu, nikamshika mkono, nikauweka. Akaruka, akacheka mpaka akakohoa. "Bibi, Babu ananitekenya!"

Wuraola akatoka jikoni mbio, mabuti ya mvua miguuni, akamnyakua mtoto kama anamtoa kwenye moto. Halafu akakumbuka adabu, akapiga magoti kwenye tope.

"Mama, nakuomba. Mtoto asikae hapo kukiwa na maji."

"Hapo ni wapi? Hapo ni kwa babu yake. Watoto wa ukoo huu wamekulia juu ya makaburi ya wazee wao. Mumeo amejifunza kusoma amekaa juu ya bibi yake."

"Marumaru yanauma, Mama."

"Yanakuuma wewe. Jiulize kwa nini."

Akambeba mtoto ndani. Uso wake ulikuwa umekufa. Nilijiona nimeshinda.

Mei 30
Mvua kutwa. Hakukuwa na umeme nyumbani, ila kwa Alhaja nilisikia redio. Labda ana jenereta siku hizi na haniambii.

Juni 4
Mkono wake umekuwa mzito. Zamani alinigonga kiganjani, sasa anashika mpaka kwenye kiwiko, na akishika kuachia ni kazi. Ana nguvu kuliko alipokuwa hai. Nimemuuliza anataka nini. Je, ni kaburi halikupakwa rangi upya? Je, ni kumbukumbu yake, anadhani nitaifanya ndogo? Nimemwahidi kambale wote, hata wale wa kuuza.

Wuraola kazungushia kaburi viti vya plastiki kama uzio. Nimeviondoa. Akavirudisha. Nimeviondoa tena.

Juni 6
Umeme haupo kila mvua ikianza, na mvua ikiisha upo. Au ndiye yeye anayenikimbia?

Juni 7
Sikula. Nilikaa kwenye mlango wa nyuma kutazama marumaru. Maji yakiwa juu yake yanatetemeka kidogo, hata kukiwa hakuna upepo. Au ni macho yangu.

Juni 9
Leo lazima niandike yote.

Mvua ilianza mchana bila kutoa taarifa. Wuraola alikuwa dukani kwa Alhaja kununua chumvi. Mimi nilikuwa barazani nachambua maharage ya akara, zile bagia zetu, Ireti ananimwagia maneno. Kondoo wa Alhaja alikuwa amekata kamba, yuko uani kwetu, anakula majani. Akapanda juu ya kaburi, kama kondoo wapandavyo mahali pa juu, kuepuka tope.

Hakulia. Alikaza miguu yote minne, shingo ikarudi nyuma, akaanguka ubavu. Mdomo ukabaki wazi na majani ndani.

Nilijua ni nani aliyefanya. Nilitaka kusema, Baba Akin, mbona hivyo? Kabla sijasema, Ireti akaruka barazani, miguu mitupu, anakimbilia kule kwenye mvua. "Babu kamwangusha kondoo! Bibi, Babu kamwangusha!" Alikwenda kumsalimu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kunyesha ndiyo saa ya kusalimu.

Maharage yalimwagika. Nilipoinuka nikateleza juu yake. Nikaona Wuraola anaingia getini, akaona kondoo, akaona mtoto, akaitupa ile chumvi. Hakumkimbilia mwanawe. Aligeuka, akakimbilia ndani ya nyumba.

Nisamehewe nilichomwita moyoni. Mama gani anamkimbia mwanawe?

Ireti akafika. Akaweka viganja vyote viwili juu ya marumaru, kama nilivyomwonyesha.

Ndani, redio ya jikoni ikanyamaza. Pampu bwawani ikanyamaza. Ireti akangoja, akainua viganja, akavitazama, akaviweka tena. Akageuka kwangu, mvua inamtiririka usoni: "Bibi, Babu leo hataki."

Wuraola alitoka ndani, mkono bado umeinuliwa kama ameshika swichi. Akakaa chini kwenye mlango.

Baadaye, mtoto akiwa ameogeshwa, nilimuuliza. Akaniambia akiangalia sakafu. "Tangu siku ile ya Ireti, kila mvua ikianza nazima swichi kubwa ya nyumba nzima, Mama. Mvua ikikauka nawasha. Leo sikuwapo."

"Kwa nini hukumwambia mumeo?"

"Ulimwambia kila kitu kiko sawa. Nikisema tofauti, nimekuita mwongo kwa mwanao." Akakunja taulo la mtoto. "Na nilikuona ukiongea pale. Nikaona una furaha."

Juni 10
Alhaja amekuja, mikono kiunoni. "Mama Akin, mumeo amekula kondoo wangu! Alipokuwa hai gauni la wiki moja alilishona miezi mitatu. Leo amekufa ndiyo anajua haraka?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Akakaa nami barazani bila kusema neno lingine, na kwa Alhaja hiyo ni sadaka kubwa.

Mtaa mzima unasema Baba Akin ana hasira. Na mimi nawaza hivi: kama ni yeye, amenyoosha mkono kwa mjukuu wake. Kama si yeye, basi nilikuwa nikiongea na nani? Sijui lipi ni baya zaidi.

Nimemwambia Wuraola ampigie Akinlabi, aseme yote, hata ya Mudashiru. Swichi kubwa tumeizima. Tunatumia taa ya mafuta, na maji ya bwawa tunayabadilisha kwa ndoo, yeye na mimi.

Juni 12
Mwanangu amekuja. Alijilaza kifudifudi kunisalimu, kama ilivyo desturi yetu kwa wazazi, hata kabla ya kuweka mkoba, akabaki chini muda mrefu kuliko kawaida. Alipoinuka hakufoka. Heri angefoka.

Akamwaga ndoo ya maji juu ya kaburi, akavaa mabuti na glavu, akamwambia Wuraola awashe. Akatoa testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Akagusisha ncha kwenye marumaru. Kitaa kikawaka. Chekundu, kidogo, juu ya kifua cha baba yake.

"Umeona, Mama?"

"Nimeona. Ndiye huyo."

"Huyu ni umeme. Kiungo kimeloa ndani ya saruji, umeme umeingia kwenye nondo za kaburi. Swichi ilikuwa inakuambia hivyo kila mvua."

"Na kunigonga? Alinigonga kama alivyokuwa akinigonga. Umeme unajua subana?"

Akamwashiria Wuraola azime. Akavua glavu, akakaa ukingoni mwa kaburi, tope na yote. "Mama, Baba ninayemjua mimi asingemuua kondoo wa Alhaja. Angengoja sikukuu, aombe mguu. Na Ireti je? Alikuwa anaficha hata sindano, mtoto asije akachomwa."

Nikamuuliza, "Ukiukata, atakwenda wapi?"

Alinitazama kwa macho ya baba yake. "Hakuwapo, Mama."

Niliingia ndani. Mara ya kwanza walipomtoa, siku ya mazishi, kulikuwa na ngoma, watu wamevaa sare ya kitambaa kimoja, ng'ombe wawili. Safari hii ni mtu mmoja na bisibisi.

Juni 13
Asubuhi nilitoka mwenyewe, nikamkabidhi Akinlabi nyundo na patasi. Nikamwambia, "Anza kabla sijabadilisha mawazo." Wuraola alinishika mkono wakati anapasua plasta. Sikuutoa.

Kiungo kilitoka. Utepe umeyeyuka kama sukari guru, shaba imekuwa ya kijani. Ulikuwa waya wa dukani kwake. Niliomba kipande, Akinlabi akaniambia hapana, akakitia mfukoni.

Juni 14 hadi 16
Wamechimba njia ndefu, ukutani kwa Alhaja, kupitia zizi tupu la kondoo wake, na ni yeye aliyetoa ruhusa kabla hatujaomba. Mtaro wa kufika goti. Mchanga chini, bomba, waya mpya mzima kutoka nyumbani mpaka bwawani bila kiungo hata kimoja, mchanga tena, utepe wa njano wa kuonya atakayechimba, ndipo udongo. Kapigilia nondo ya shaba ardhini kwa ajili ya ethi, umeme ukivuja uishie ardhini. Swichi mpya ya usalama. Kisha kaifanyia majaribio kwa kibonyezo chake, ta! ikajikata, akairudisha, ta! Amemfundisha Wuraola kuijaribu kila mwezi. Mimi hakunifundisha. Sikuuliza.

Dume jingine tumemnunulia Alhaja. Anasema hana sura kama ya marehemu.

Juni 20
Mvua ya kung'oa miti. Swichi haikujikata. Samaki wanakula.

Juni 27
Nimewaeleza wanawake wa kanisani juu ya mkwe wangu. Kwamba alipoona mwanawe yuko hatarini alikimbilia upande ambao hakuna mama mwingine Ibadan nzima angekimbilia, na ndiyo maana mtoto yu hai. Niliwasimulia mara mbili, hata waliokuwa wameshasikia. Wuraola alikuwa anaona haya mpaka akajificha kwenye kitabu cha nyimbo.

Julai 1
Mvua. Sikutoka nje.

Julai 3
Mvua. Sikutoka nje.

Julai 9
Akinlabi yuko nyumbani wiki hii. Mchana kulinyesha, umeme upo, pampu inanguruma kule. Ireti alimwomba baba yake ruhusa, akapewa. Akatembea mpaka kwenye kaburi, akaweka viganja viwili. Mimi nilikuwa dirishani, kitambaa cha vyombo mkononi.

Akakaa hivyo muda. Halafu akacheka. "Bibi! Babu amenisalimu!"

Sahani ilinitoka. Akinlabi alikuwa tayari amefika uani na testa, Wuraola tayari yuko kwenye swichi. Swichi ilikuwa imesimama palepale ilipo, haijajikata. Akinlabi akagusisha testa kwenye kila bamba la marumaru, moja baada ya moja, juu, pembeni, miguuni na kichwani. Kitaa hakikuwaka. Akapima ardhi yote kuzunguka. Hakuna kitu. Akavua viatu, akapanda mwenyewe, akasimama kwenye maji, akatikisa kichwa.

Tulimuuliza Ireti tena, kwa upole. Alishikilia maneno yake. Anasema safari hii hakumtekenya, ni polepole tu. Baba yake anasema mtoto amenizoea, anataka kunifurahisha. Wuraola alinitazama tu.

Inawezekana mtoto anadanganya kwa mapenzi. Nami kwa umri wake nilidanganya zaidi ya hapo.

Wamelala sasa, mvua imebaki manyunyu. Nimevua viatu. Nimefika mpaka ukingoni, nimekaa karibu yake, nimemwambia samaki wamekuwa wakubwa kama paja la mtu na Agosti hakuna atakayerudi nyumbani na njaa. Mkono wangu nimeuweka mapajani. Juu ya marumaru sijauweka, wala leo sitauweka.